Mama Hakupelekwa kwa Amani

Sweta yangu nyeusi bado inaning'inia nyuma ya mlango, na bado inanuka ubani. Nekesa, mjukuu wangu ninayeishi naye hapa Nakuru, ameitaka aifue nikamkatalia. Ananiambia, "Kukhu, inanuka matanga." Namjibu kwamba yeye hajui matanga yananukaje. Matanga ninayoyajua mimi hayakunuka ubani. Yalinuka grisi ya reli.

Juzi tulimzika baba yangu, Petro Wafula, kwenye shamba lake upande wa Njoro. Alikuwa mzee mpaka hakubaki mtu wa kuulizwa alizaliwa lini. Alizikwa jinsi Mkatoliki anavyotakiwa kuzikwa, na nyinyi wenzangu mliozeeka ndani ya kanisa mnajua ninachosema. Jumuiya ilikuja kila jioni kusali rozari. Jeneza lililakiwa mlangoni mwa kanisa na maji ya baraka, kwa sababu mtu huingia kwa maji akiwa mtoto na hutoka kwa maji. Likawekwa mbele karibu na mshumaa wa Pasaka. Mapadri walikuwa wengi hata viti vya altareni vikapungua. Mwisho wa Misa padri akazunguka jeneza na chetezo, mnyororo ukilia kwa utaratibu, moshi ukatufunika sisi wa benchi la mbele. Hapo ndipo sweta iliposhika harufu. Na mimi, badala ya kumlilia baba, nikamkumbuka mama, ambaye hakufukiziwa hata jani kavu.

Tulikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kimoja zimepangwa kama mabehewa yaliyosahauliwa. Waliokulia huko watakumbuka vumbi. Upepo wa mchana uliliinua kutoka upande wa ziwa, vumbi jeupe lenye ladha ya magadi, likaingia kwenye uji, kwenye nywele, kwenye shuka zilizofuliwa asubuhi hiyo hiyo. Mama yangu, Rosa Nanjala, alilowesha gunia akaliweka chini ya mlango, na vumbi likapita juu. Alikuwa mwembamba, mwenye kicheko cha kujizuia, kama mtu anayecheka nyumbani kwa wenyewe.

Sisi watoto wa landhi tulizungumza Kiswahili kwa sababu kila mlango ulikuwa na kabila lake. Kilikuwa Kiswahili cha kuokota, hiki huku na kile kule. Nyumba zilikuwa na namba lakini hakuna aliyezitumia. Tuliziita kwa watu. Peleka sufuria kwa Wanjiru. Usicheze kwa Kiprono, wana mbwa. Baba yako yuko kwa Ochieng. Nawaomba mlikumbuke neno hilo dogo, kwa. Ndilo lililonipoteza.

Jumapili mama alinishika mkono tukaenda kanisani. Baba hakuja. Mama alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na watu walipopanga foleni kwenda kupokea Ekaristi, yeye alibaki amekaa na rozari yake. Mimi nilidhani ameshiba. Niliwaona wale wengine wakienda mbele kwa mikono iliyofumbatwa, nikawaza kwamba hawa wametoka kwao bila chai ndiyo maana wanakifuata kile kipande chembamba. Nilijivunia mama yangu. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoelewa kwamba alibatizwa, alipata kipaimara, na alikuwa na njaa ya meza ile kuliko wote, lakini aliishi na mwanamume bila ndoa ya kanisa, na mtu wa namna hiyo hakufika mbele. Baba alimwambia watafunga mwakani. Mwakani ikifika, ilikuwa na mwakani yake.

Kuna siku moja ambayo lazima niitaje. Tulimtembelea Mama Tabitha, jirani yetu wa safu ya pili, mwanamke wa pete ya kanisani na rafiki ya mama. Mvua ilikuwa imenyesha, miguu yangu ilikuwa tope tupu, nikaambiwa nisubiri mlangoni. Mama akakaribishwa kiti. Hakuketi. Alisimama katikati ya chumba na kikapu chake mkononi, akajibu salamu akiwa amesimama, akaulizwa habari za nyumbani akiwa amesimama. Mama Tabitha akamwuliza kama kiti kina misumari.

"Mgeni haketi mwenzake akiwa nje," mama akasema.

Alisema akicheka, lakini hakuketi. Mama Tabitha akatingisha kichwa, akaleta karai, miguu yangu ikaoshwa. Nilipoingia ndipo mama akavuta kiti.

Mama Tabitha alifariki mwaka uliofuata akijifungua. Hayo ndiyo mazishi yangu ya kwanza kuyaona kwa macho. Tulikaa benchi letu la mwisho, na mama akanieleza kila kitu kwa kuninong'oneza. Maji yale ni ubatizo wake. Moshi ule ni sala zetu, ona unavyokwenda juu. Usiogope sanduku, yeye hayumo, ni kama nguo aliyoivua. Kaburini nilisukumwa mpaka mbele, nikasimama karibu na Katekista Stanislaus, mtu mrefu mwenye kofia ya kaki ambaye alitufundisha sala sote. Akasema kwa sauti yake nzito, raha ya milele umpe ee Bwana. Watu wakajibu, na mwanga wa milele umwangazie. Kisha akasema ile ya mwisho, "Apumzike kwa amani," na watu wote wakasema amina kwa pamoja, kama watu waliokubaliana mahali pa kukutana.

Mimi nilisikia jina la mtu. Apumzike kwa Amani. Kama vile, alale kwa Wanjiru leo kwa sababu kwao kunavuja. Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza mama Amani ni nani.

Akanitazama. Nilimwona akikizuia kicheko, kwa sababu watu walikuwa bado wanalia njiani.

"Ni mwenye nyumba," akasema.

Nikauliza kama nyumba yake ni kubwa. Akasema ni kubwa, na haina vumbi. Hilo lilinimaliza. Nikaiona nyumba yenyewe, sakafu ya simenti nyekundu, shuka zinaning'inia nje na zinabaki nyeupe, na Mama Tabitha amelala mchana na hakuna anayemwamsha kupika.

"Na wewe utaenda kwa Amani?"

Tulitembea mpaka tukavuka njia ya reli kabla hajanijibu.

"Wakinipeleka," akasema.

Halafu kifua kikamshika. Kwanza kikohozi cha asubuhi, baadaye cha mchana kutwa, mpaka akawa hainuki kitandani. Chumba chetu kiligawanywa na pazia la maua, upande huu meza na viti, upande ule kitanda. Nilikuwa upande wa kitanda, nimekaa karibu na kichwa chake, Katekista Stanislaus alipokuja kumwona baba. Niliyasikia yote na sikuyaelewa, na siku hizi nimeyaelewa na ningependa nisiyasikie.

Katekista alisema padri yuko Keringet kwenye vigango, yale makanisa madogo ya mbali, na kesho anarudi. Baba akubali tu. Padri atakuja hapa hapa, atawafungisha ndoa mama akiwa kitandani, ampake mafuta matakatifu, ampe Ekaristi. Hakuna karamu, hakuna nguo, ni neno ndiyo basi. Nilikuwa nayaona mabuti ya baba chini ya pazia, yakigongana vidole.

"Akipona tutaenda kanisani kama watu," akasema. "Mimi sitaoa kaburi."

Wazee wa kwao walikuwa na msemo huo, kwamba mwanamume akiapa mbele ya kitanda cha kifo, kifo kinamhesabu kuwa shemeji na kitarudi kumtembelea. Labda aliogopa. Nimejaribu kumwonea huruma kwa hilo, nimeshindwa.

Katekista akateremsha sauti. "Petro, mwenzako anasikia."

"Asikie," baba akasema.

Mama akachukua kiganja changu akakiweka juu ya sikio lake, akakikandamiza. Nilidhani sikio linamuuma. Nikainama nikalipuliza, jinsi yeye alivyonipuliza mimi nikiungua. Nikaendelea kupuliza mpaka mabuti yakatoka nje.

Padri alichelewa Keringet kwa sababu ya tope. Mama hakuchelewa. Alikufa asubuhi, gunia lake likiwa chini ya mlango bado lina maji. Katekista akaja kusema mbele ya wanawake kwamba hakutakuwa na Misa, hakutakuwa na kengele, na padri hatakwenda makaburini, sheria ndiyo hiyo na si yeye aliyeitunga. Baba alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeonewa. Hilo pia nimeshindwa kulisamehe, kile kichwa.

Sanduku lilitengenezwa na Ochieng, fundi wa mbao wa reli, kwa mbao za makasha yaliyoleta vyuma vya injini. Alizipiga randa vizuri, lakini grisi ilikuwa imeingia ndani ya mti. Chumba kizima kilinuka karakana. Waliombeba ni Ochieng mwenyewe, Kiprono wa taa za reli, Mzee Juma aliyepikia mafundi, na Barasa, mdogo wake baba. Mmoja tu kati yao alikuwa Mkatoliki. Nawataja kwa sababu siku hiyo hakuna aliyetajwa, hata mama mwenyewe. Alizikwa ukingoni mwa makaburi ya mji, sehemu ya watu wasio na watu. Wanjiru, ambaye alisali kanisa lingine kabisa, aliona aibu ya ukimya ule akaanzisha wimbo wa kwao kwa Kikuyu, akauimba peke yake. Vumbi lilikuwa linaingia kaburini kabla ya udongo.

Mimi nilikuwa nasubiri. Nilijua kuna maji, kuna moshi, halafu kuna ile ya mwisho. Maji hayakuja nikasema sawa, moshi haukuja nikasema sawa, labda vitu hivyo vimeisha. Lakini nilipoona wanaume wanaokota majembe yao nikashtuka. Walikuwa hawajasema anaenda kwa nani.

Nikamwona Katekista Stanislaus barabarani, amesimama na baiskeli yake, kofia mkononi. Alikuwa amekuja mpaka hapo na hakuingia. Nikamkimbilia.

"Katekista, hujasema ile ya kwa Amani."

Hakuelewa. Akaniuliza ipi.

"Apumzike kwa Amani. Mama Tabitha ulimsemea."

Alitazama ndani ya kofia yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka humo.

"Hiyo huyu hakuruhusiwa, mwanangu."

"Basi atalala kwa nani?"

Akavaa kofia, akapanda baiskeli, akaenda. Sina chuki naye sana. Alivua kofia. Kuna waliopaswa kuvua zaidi na hawakuvua.

Watu wazima wakishindwa, mtoto hujitafutia. Niliwauliza watoto wenzangu kama wanamjua mtu anaitwa Amani, na mmoja akasema yuko mtaa wa Bondeni, anashona nguo. Nikatoroka mchana watu wakiwa kazini. Nilimkuta mzee mwenye kanzu na miwani iliyofungwa kwa uzi, amekaa barazani na cherehani ya miguu. Nikamsalimia shikamoo. Nikamwuliza kama yeye ndiye Amani. Akasema ndiye. Nikachungulia nyuma yake ndani ya nyumba, nikamwuliza kama Mama Tabitha bado amepumzika, na kama kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi, mwembamba, asiyekula sana.

Yule mzee akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hapa kwangu hapumziki mtu. Hata mimi mwenyewe."

Nikaanza kulia kwa namna ambayo sikuwa nimelia makaburini. Alinipa maji kwenye kikombe cha bati, akafunga cherehani yake mchana kweupe akanirudisha landhi kwa mguu. Njiani alinitoa neno moja moja mpaka akapata habari yote. Alipofika kwetu alimweleza baba kwa upole, wakiwa wamesimama nje. Nilisubiri baba akasirike. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na yule mzee akamtazama, hakucheka, akaaga.

Udongo wa mama haujatulia vizuri, baba alifunga ndoa kanisani na Paulina, mwenye kitambaa cheupe na shada. Ile njia ya kwenda altareni, ambayo kwa mama ilikuwa ndefu isiyopitika, siku hiyo niliiona ni hatua chache tu. Kwenye karamu baba alisimama na glasi akasimulia jinsi binti yake alivyomtafuta mamake kwa fundi wa nguo. Watu walicheka sana. Ukawa mchezo wake. Aliusimulia kwenye Krismasi, kwenye ubatizo wa watoto wa Paulina, na miaka mingi baadaye kwenye harusi yangu mimi mwenyewe, huku nimekaa mbele ya watu na siwezi kuondoka. Yohana, marehemu mume wangu, ndiye pekee aliyeniwekea mkono mgongoni. Huyo Yohana nilikuwa nimemwambia mapema kwamba sitawasha jiko lake hata siku moja kabla ya pete, na akadhani mimi ni mtu wa dini sana. Haikuwa dini. Ilikuwa ukingo wa makaburi.

Mtaniambia ningemwombea mama nia ya Misa. Nimemwombea, kila Novemba, na jina lake limesomwa kati ya majina mengine mbio mbio kama abiria. Kaburi lake halionekani tena, wamezikwa watu juu ya watu. Lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokitaka, na nilikisubiri miaka yote baba aliyoendelea kuishi. Nilitaka jina la Rosa Nanjala litamkwe mbele ya jeneza la baba, na ile sala isemwe kwa wote wawili, mahali ambapo asingeweza kusema tena "akipona".

Kwa hiyo siku ya mazishi nilikwenda mapema, nikamngoja padri mdogo mlangoni pa sakristia. Ni kijana mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mikono akaniambia siku hizi mambo yamelegea, watu wa namna hiyo wanaombewa na kuzikwa bila shida. Alisema vizuri, kama mtu anayekuarifu kwamba kona uliyopinduka wameitia lami. Kuhusu jina, akasema familia ndiyo hutoa majina. Nikamwambia mimi ndiye mtoto wa kwanza. Akaona haya, akaenda kumwuliza Kizito, kifungua mimba wa Paulina, ambaye ndiye aliyeshika mipango. Kizito akaja mwenyewe, na suti yake, akaniinamia sikioni.

"Dada, leo ni siku ya mzee. Tusichanganye mambo."

Nikarudi benchi la mbele. Wasifu uliposomwa, Petro Wafula alikuwa na mke mmoja, Paulina, katika ndoa takatifu, na mimi nilikuwa nimezaliwa, sijui na nani, pengine na reli. Halafu Kizito, ili watu wachangamke kidogo, akasema mzee alikuwa mcheshi, akasimulia hadithi ya dada yake mkubwa aliyemtafuta mamake kwa fundi wa nguo. Kanisa zima likacheka. Hata Nekesa, aliyekaa kando yangu, akacheka, kwa sababu hajawahi kuambiwa. Akanigeukia ili tucheke pamoja, akaona uso wangu, akafunga mdomo.

Kaburini padri akanyunyiza maji, akafukiza, akasema raha ya milele, watu wakajibu. Akasema, apumzike kwa amani. Umati wote ukasema amina. Mdomo wangu haukufunguka. Nekesa akanigusa kwa kiwiko akidhani sijasikia.

Jana jioni nilimweleza yote haya, nikiwa kitandani na yeye akikunja nguo. Alipomaliza kulia aliniuliza kama nataka tumtafute padri mwingine. Nikamwambia hapana, mimi ni mzee, jambo hilo nitalifuatilia mwenyewe. Mimi watanipeleka. Nina pete, napokea kila Jumapili, jumuiya inanijua kwa jina, hakuna wa kusimama barabarani na kofia. Watanimwagia maji, watanifukiza, na ile ya mwisho itasemwa kwa sauti. Nitafika kwa Amani. Sakafu itakuwa nyekundu, shuka zitakuwa nyeupe, na baba atakuwa amekaa kwenye kiti, mabuti yake mbele yake. Nitaambiwa karibu, mama, vuta kiti. Nitasimama katikati ya chumba na kikapu changu mkononi, niulize kama Rosa Nanjala yumo ndani. Kama bado yuko nje, sitaketi.